Watu Waliobeba Punda

Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za kampuni ya Mwananchi Communications. Chanzo kilikuwa kibonzo kifupi kilichowekwa kwenye kurasa za mtandaoni za gazeti la The Citizen: mwanamke anabadilisha chaneli za televisheni, na kila chaneli anayofungua anakuta watu wanaolilia ndugu zao waliopotea au kuuawa. Kibonzo kikaondolewa. Miezi miwili baadaye, huko Kenya, kijana anayejulikana kama Kibet Bull, mchoraji wa picha za vivuli zilizomkejeli Rais wa nchi hiyo, alipotea siku moja kabla ya Krismasi, asionekane tena mpaka Januari. Vijana wa nyumbani kwangu wakaniuliza, kwa kuwa wanajua nimekula chumvi nyingi katika kazi ya kupanga kurasa za vitabu: "Baba, hivi mchoro una nini hata watu wazima wauogope?"

Niliwajibu kwa kuwasimulia habari za Tabora. Mji wetu unajulikana kwa maembe, asali, reli na shule, na sijapata kusikia mtu akiusifu kwa wachora katuni. Lakini ni huko nilikoona, kabla sijajua kusoma vizuri, mtu mmoja akipewa ruhusa na jamii nzima kuisema jamii hiyo mbele ya macho yake, mchana kweupe, na jioni akakaa nayo kwenye sinia moja.

Tulikaa Isevya. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja aliyeuza matobolwa na karanga za kukaanga kibarazani kwake. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Maisha yake yote alipikia kuni katika jiko la ndani lisilo na dirisha, na moshi ndio uliomla macho. Lakini katika ukanda wetu wa magharibi, Unyamwezi hadi Usukumani, macho mekundu ya mwanamke mzee yamekuwa hati ya mashtaka. Kuna wanawake waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho hayo. Yeye hakukatwa, alitengwa. Watoto tulikatazwa kupokea karanga zake, na mtoto wa nyumba ya jirani alipofariki kwa homa, watu wakawa wakikaribia mlango wake wanahamia upande wa pili wa njia.

Alipofariki yeye, msiba ulifurika. Watu walewale walikuja, wakalia, wakagawana kazi za kuchota maji na kupepeta mchele. Kisha akaja mtani wa marehemu, mzee Mzaramo, mstaafu wa reli. Aliingia ndani, akatoka amevaa kanga za marehemu, moja kiunoni, nyingine kichwani. Akapiga magoti uani mbele ya mafiga yaliyopoa, akaanza kupuliza moto usiokuwepo. Alipuliza, akakohoa, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akapuliza tena, kwa muda mrefu, hata watu wakaanza kutazamana. Alikuwa amejipaka kitu, labda maji ya kitunguu, maana alipogeuka macho yake yalikuwa yameiva kama ya marehemu. Akawapitia waombolezaji mmoja mmoja kwa macho hayo.

"Mimi mchawi," alisema kwa sauti ya bibi, ileile ya kukwaruza. "Wewe nilikuroga, ukala karanga zangu ukashiba. Na wewe nilikuroga, nikakubebea mwanao mgongoni wiki nzima ulipolazwa Kitete. Haya, nani kati yenu anapika bila moshi? Huyo ndiye aje anizike."

Ua mzima ukanyamaza. Mama mmoja akaangua kilio ambacho hata mimi mtoto nilijua si kile cha asubuhi. Halafu mtu akacheka, wengine wakafuata, wakacheka huku machozi yakiwatoka. Yule mzee akalala mbele ya jeneza, akasema haliondoki mpaka wamlipe faini, na akawataja kwa mkono waliopaswa kulipa. Walilipa. Hakuna aliyenuna, kwa sababu mtani hanuniwi. Hiyo ni sheria, na katika Tabora ya utoto wangu ilikuwa na nguvu kuliko sheria nyingi zilizoandikwa.

Nilipokuwa mkubwa nikajua utani ule ulivyofika kwetu. Uliletwa na njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo kupita Ugogo hadi Tabora, na kuendelea hadi Ujiji, ni mwendo wa karibu kilometa 1,200 kwa miguu. Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora hiyohiyo, Novemba 1857, waliikuta njia imeshakanyagwa na Wanyamwezi na Waarabu kwa miaka mingi. Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, kama kilo 32, za pembe za ndovu akishuka pwani, na za nguo, shanga na waya akipanda bara. Miongoni mwa waliotembea njia hiyo walikuwemo waliofungwa kongwa, wasio na hiari ya kwenda wala kurudi. Watu wanaopita kila mwaka katika nchi za wenzao, wakihitaji maji, chakula na mahali pa kuzika mwenzao aliyekufa njiani, hulazimika kutafuta namna ya kuishi bila kuchinjana. Wanyamwezi na Wazaramo, waliopigana na kuuziana, wakawa watani. Mzaramo akapata haki ya kumzika Mnyamwezi na kumtukana wakati huohuo, na Mnyamwezi vivyo hivyo. Miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka nchini kuukusanya utani huu kabila kwa kabila, na kazi yao inastahili kusomwa zaidi ya inavyosomwa.

Wapagazi nao walikuwa na kejeli yao njiani. Waliimba juu ya viongozi wa misafara, juu ya ubahili na uvivu wao, na Wazungu waliokuwa wakibebewa mizigo waliandika katika vitabu vyao kwamba walizisikia nyimbo hizo bila kuzielewa zote. Babu mzaa mama hakuwahi kuwa mpagazi, ila alikulia miongoni mwao, na alichonisimulia yeye ni ngoma ya beni. Alikuwa mtoto Wabelgiji walipoiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani, Septemba 1916. Miaka iliyofuata aliwaona wanaume wa mjini, makuli, watumishi wa nyumbani na askari waliorudi vitani, wakijipanga Jumapili kwa sare nyeupe zilizopigwa pasi zikasimama. Kulikuwa na jenerali. Kulikuwa na daktari wake, na mfalme wake. Ngoma kubwa ilipigwa, amri zikatolewa kwa lugha iliyofanana na ya Kizungu, na mtu ambaye Jumamosi alikuwa amebeba gunia stesheni akapokea saluti. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, akaonya kwamba tusiuone mchezo ule kuwa ni kuiga wala kukejeli peke yake, maana ndani yake mlikuwa na kusaidiana, mashindano ya mitaa na fahari ya kweli. Nakubaliana naye. Hata hivyo babu alikuwa na neno lake. Alisema alipomtazama jenerali wa beni, kesho yake hakuweza tena kumtazama jenerali wa kweli kwa hofu ileile.

Neno hilo la babu nililielewa shuleni. Ilikuwa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, sukari na sabuni zikiwa adimu kuliko dawa. Mwenzetu mmoja darasani, kijana mkimya, alichora ubaoni kwa chaki kabla ya kengele ya asubuhi. Alichora mtu aliyeketi, na tumbo lake lilikuwa gunia la sukari. Alichora hata mshono wa gunia, uliofungwa kwa kamba ya katani pale penye kitovu. Foleni ya watu wenye vikapu vitupu ilikuwa inaingia kinywani mwake, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kila mmoja akishika bega la aliye mbele. Uso wa mtu yule haukuchorwa. Palikuwa na duara tu.

Hadi saa sita mchana wakubwa watatu tofauti walikuwa wamelalamika kwamba wamechorwa wao. Mmoja alikuwa na duka, wa pili alikuwa mtunza stoo, na wa tatu hata sukari haikumhusu. Kijana akachapwa mbele ya mstari na kuamriwa afute. Alifuta taratibu, akianzia na watu wa foleni, na gunia likabaki mwisho. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba picha ya namna ile haimtaji mtu, watu hujitaja wenyewe. Na sisi wanafunzi tuliokuwa tukicheka tulikuwa kwenye ile foleni, tumeshika mabega, tunaingia kinywani kwa adabu. Jambo hilo lilinikaa kuliko tumbo la gunia. Mchoraji hakumsamehe mlaji, lakini hakutusamehe na sisi.

Baba alikuwa akisoma Uhuru kwa ajili ya Chakubanga wa Christian Gregory kabla ya kusoma habari za mbele. Sisi vijana tulikuwa wa Sani, jarida la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lililopita mkono kwa mkono kwenye behewa la daraja la tatu kutoka Tabora hadi Dar es Salaam mpaka kurasa zikalainika kama kitambaa. Lodi Lofa, Kalikenye na Ndumilakuwili walikuwa watu wa mitaa yetu. Philip Ndunguru, mmoja wa waliowapa uhai wahusika wa jarida lile, alifariki 1986 angali kijana, na sijui kama taifa limewahi kumlilia inavyostahili. Vibonzo vile vilituchekesha sana. Bado nilikuwa natafuta kitu chenye kiza cha yule mtani mbele ya mafiga, kejeli ambayo katikati ya kicheko inakubana koo.

Nilikikuta Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1980, Nyumba ya Sanaa. Mahali hapo palianzishwa mwaka 1972 na mtawa wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, na kufikia wakati huo palikuwa na jengo zuri lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1983. Nilikwenda kutafuta wachoraji wa vitabu vya shule. Katika chumba kimoja cha karakana nilimwona msanii ameinamia bamba la zinki. Bamba lilikuwa limepakwa nta nyeusi, naye alikuwa anaikwangua kwa sindano. Kila alipokwangua, madini yaling'aa chini yake. Alipomaliza alilizamisha bamba kwenye tindikali, na viputo vidogo vikapanda kwenye ile mistari tu, pale nta ilipotoka. Tindikali ilikuwa inaila zinki, ikichimba mifereji ya kukaa wino. Kisha alisafisha nta, akasugua wino mweusi juu ya bamba zima, akaufuta kwa kitambaa, halafu kwa kiganja cha mkono, mpaka wino ukabaki mferejini peke yake. Akatandaza karatasi iliyoloweshwa, akazungusha gurudumu la mashine. Alipoibandua karatasi kwa ncha mbili, mistari ilikuwa imeinuka, unaweza kuisikia kwa kidole.

Kutani zilitundikwa kazi za George Lilanga. Mmakonde huyu, mzaliwa wa 1934 upande wa Masasi, aliingia Nyumba ya Sanaa akiwa mlinzi, akatoka akiwa jina linalojulikana duniani hadi alipofariki mwaka 2005. Mashetani wake wana masikio ya kupepea, matumbo mbele, vidole vichache, na hawana muda wa kutisha mtu: wanabebana, wanalewa, wanagombana, wanabembelezana, wanasukumana. Wageni walinunua wakidhani wamenunua mizimu ya Afrika. Mimi niliona abiria wa basi la Kariakoo. Shetani wa Kimakonde, tangu Samaki Likankoa alipoanza kumchonga katika mpingo miaka ya 1950, amekuwa mahali salama pa kumweka binadamu ili aonekane alivyo.

Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Ulaya aliniona nimesimama pale muda mrefu. Akaleta kitabu. Kilikuwa na picha za Francisco Goya wa Hispania, zile 80 zinazoitwa Los Caprichos, alizozitoa mwaka 1799. Nilikifungua nikiwa nimesimama, nikaishia kukaa sakafuni.

Picha ya 42 ina wanaume wawili wakulima, wamepinda migongo, kila mmoja amebeba punda mzima mzima mabegani. Punda wametulia. Mmoja amefungwa kichokoo cha chuma kisiginoni, kama mpanda farasi, ili amchome anayembeba. Wahispania wa wakati ule waliwasoma punda hao kuwa ni makabaila na watu wa dini waliokaa juu ya mgongo wa mkulima. Mimi mtoto wa Unyamwezi sikuhitaji maelezo. Katika mapori yetu ya miombo ndorobo waliua farasi na ng'ombe wa mizigo, kwa hiyo mtu ndiye aliyekuwa punda. Mgongo wa mpagazi ulibeba pembe za ndovu ili mahali fulani, mbali sana, mtu apige kinanda chenye vibonye vyeupe. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye historia ya darasa la saba, na tarehe zake nazijua. Sikuwa nimewahi kuyaona. Mhispania aliyekufa mwaka 1828, na ambaye hakukanyaga nchi yetu, alinionyesha uzito wa mzigo kwenye goti la anayeubeba.

Niligeuza kurasa. Punda daktari ameshika mkono wa mgonjwa mahututi, kwa heshima kubwa. Punda anaonyesha kitabu cha ukoo wake, na kila babu ndani ya kitabu ni punda. Kasuku anahubiri na wasomi wamekaa vinywa wazi. Watu wawili wamevaa nguo ngumu zenye nembo za ukoo, masikio yao yamefungwa kufuli, wanalishwa kijiko na mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Nyuma yao hakuna nyumba wala mti. Kuna kiza tu. Goya alikipata kiza hicho kwa kunyunyiza unga wa utomvu juu ya bamba, akaupasha moto ukanata, kisha akaiachia tindikali ile kati ya chembe na chembe. Akichapa, anapata weusi laini kama usiku wa jukwaani taa zikiwa zimemwelekea mhusika mmoja. Ndiyo maana watu wake wanaonekana kama wanaigiza. Mahali hapajulikani, saa haijulikani, na wewe mtazamaji umekaa karibu mno.

Halafu nikafika kwenye mwanamke aliyepandishwa punda. Ni picha ya 24. Kavuliwa nguo hadi kiunoni, kavikwa kofia ndefu ya aibu waliyovikwa waliohukumiwa na mahakama ya dini, shingo imebanwa asiweze hata kuinamisha kichwa. Anapelekwa kuadhibiwa. Goya hakupoteza muda kumpamba mwanamke yule. Nguvu zake zilikwenda kwenye umati: nyuso zilizopanuka kwa raha, vinywa, macho ya kuchungulia, jirani kwa jirani. Kitabu kilekile kimejaa wachawi wanaoruka usiku, na Goya hakuwachora kwa kuwaamini. Aliwachora ili waliowaamini wajione. Nilimkumbuka bibi wa karanga. Niliukumbuka mtaa wetu ukihamia upande wa pili wa njia. Kama kuna picha ambayo ingestahili kubandikwa katika kila ofisi ya kijiji kuanzia Nzega hadi Shinyanga, ni ile, maana kila anayeitazama hujitafuta kwenye umati.

Goya hakupata ulinzi aliokuwa nao mzee wetu Mzaramo. Alipotangaza picha zake katika gazeti la Diario de Madrid mwezi Februari 1799, alijieleza kwa uangalifu kwamba hamlengi mtu yeyote, kwamba anachora makosa na ujinga uliozoeleka katika jamii yoyote. Nilipolisoma hilo nilimwona mwenzetu mbele ya ubao, na lile duara lisilo na uso. Picha ziliuzwa katika duka la manukato na pombe, mtaa aliokaa mwenyewe, reale 320 kwa seti. Aliuza seti 27, akaziondoa sokoni. Mwaka 1803 akamkabidhi mfalme mabamba yote na seti 240 zilizobaki, na mwana wa Goya akapewa posho. Ndiyo bei ya usalama aliyolipa: aliikabidhi kejeli yake kwa mmoja wa waliokejeliwa.

Baada ya hapo alichora mambo mazito zaidi, Maafa ya Vita, kuhusu majeshi ya Napoleon, njaa ya Madrid na unyama wa pande zote mbili. Hizo hakuthubutu kuzitoa kabisa. Mabamba yalikaa kwenye masanduku mpaka yakachapwa mwaka 1863, miaka 35 baada ya yeye kufa. Nilipokuwa kijana nililiona jambo hilo kuwa la huzuni. Siku hizi naliona pia kuwa ni bahati kubwa, kwa sababu hakuna aliyeyayeyusha.

Kwetu mambo yamekwenda kwa namna nyingine. Godfrey Mwampembwa, tunayemwita Gado, Mtanzania mwenzetu, alifanya kazi yake kubwa Nairobi kuanzia 1992. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilipozuiwa nchini mwetu, sababu iliyotolewa ilikuwa usajili, lakini mitaani watu walizungumzia katuni yake ya Rais. Kisha ikaja 2024 niliyoanza nayo. Serikali zina hoja zao kuhusu utulivu na heshima ya mamlaka, na mimi si mtu wa kudharau utulivu. Nimezaliwa katika nchi iliyopokea wakimbizi kutoka karibu kila mpaka wa magharibi. Ila utulivu wa njia ya misafara ulijengwa na watu waliomruhusu mtani aseme. Walijua kwamba msiba ukipita bila mtu wa kuvaa kanga za marehemu, ukweli uliomhusu unarudi nyumbani na wafiwa, unakaa, unaoza. Mchoraji wa kejeli anastahili haki ileile. Asichapwe, asifungwe, asipotezwe. Akivuka mpaka wa heshima, atozwe faini ya utani, yaani achorwe na yeye.

Miaka michache iliyopita nilirudi Tabora kwenye msiba wa shangazi, mtaa wa Cheyo. Palikuwa na maturubai, spika na mshereheshaji mwenye ratiba iliyochapwa. Baada ya salamu za rambirambi na kabla ya chakula, ratiba ilikuwa na mstari mmoja: watani. Walipewa dakika tano na bahasha iliyoandaliwa. Mama mmoja wa Kizaramo alisimama, akaanza kuigiza mwendo wa shangazi, mguu mmoja ukiburuta, akaenda moja kwa moja mbele ya wapwa waliokuwa wamegombea nyumba kabla hata marehemu hajaoshwa. Akafungua mkoba wa marehemu, akatoa funguo, akamwonyesha wa kwanza, akazirudisha. Akamwonyesha wa pili, akazirudisha. Mshereheshaji akakohoa kwenye kipaza sauti, akasema muda umekwisha. Yule mama hakumtazama. Alimwendea mpwa wa tatu. Watu wazima waliokuwa nyuma walisimama ili waone vizuri, na mshereheshaji akazima kipaza sauti chake.

Kwa hiyo ruhusa ile haijafa, imebanwa dakika. Kinachonitia uchungu zaidi ni kile kisichohifadhiwa. Picha ya gunia la sukari ilifutwa kwa dasta. Kibonzo cha Oktoba 2024 kiliondolewa mtandaoni. Chakubanga na Sani vimefungia maandazi katika masoko yote ya nchi hii. Picha nyingi zilizochapwa Nyumba ya Sanaa ziko kwenye kuta za Ulaya na Marekani, na mtoto wa Tabora akitaka kuziona itabidi apande ndege.

Basi ombi langu ni kwako wewe uliyerithi sanduku la chuma la baba au babu. Kabla hujauza karatasi zake kwa kilo, zifungue. Ukikuta Uhuru la miaka ya 1960 au 1970, nakala ya Sani, karatasi nene yenye mistari myeusi iliyoinuka, au hata daftari la shule lililochorwa ukurasa wa nyuma, lipeleke Maktaba ya Mkoa, au mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Andika kwa penseli nyuma yake jina la mchoraji kama unalijua, na mwaka. Usilikunje.